Je, Antibiotiki ya Chunusi Inaweza Kumtibu Mtoto Mwenye X Tete?

Swali: Asalaam alaykum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mwanangu wa pili ametimiza miaka sita na bado maneno yake ni machache. Hamtazami mtu usoni, na akifurahi au akikasirika hujiuma kifundo cha mkono hadi pameota sugu. Adhana ikianza kwenye kipaza sauti huziba masikio na kulia. Mwaka jana damu yake ilipelekwa kupimwa kupitia Mombasa, na jibu lilirudi limeandikwa Fragile X. Kaka yangu aliyeko Malindi amesoma kwamba iko antibiotiki ya zamani, minosaiklini, inayotibu hali hii. Alipoiuliza kwenye duka la dawa aliambiwa haipo ila doksi ni ya ukoo mmoja nayo, akainunua na kutuletea. Je, nimpe? Na watu wanasema yote haya ni kwa sababu nimeolewa na mtoto wa ami yangu. Ni kweli?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nitangulize lile lisiloweza kungoja: usimpe mwanao ile doksi. Sababu zake zinahitaji nafasi, na nitazieleza. Kuhusu minosaiklini yenyewe, ni kweli kwamba imejaribiwa kwa watoto wenye hali kama ya mwanao, na ni kweli kwamba jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi lilionyesha nafuu ndogo. Si kweli kwamba inatibu. Kaka yako hakuokota uzushi. Alisoma habari ya utafiti halisi, lakini habari hiyo ilipokuwa ikipita mkono hadi mkono ilipoteza neno "ndogo", na neno hilo ndilo linalobeba uamuzi wako wote.

Hali iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara hutokana na jeni moja, iitwayo FMR1, iliyoko kwenye kromosomu X. Martin na Bell wa Uingereza ndio walioeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1943, ukoo mmoja ambamo wavulana walirithi ulemavu wa akili kupitia kwa mama zao. Mwaka 1969 Lubs aliona kwa hadubini kwamba kromosomu X ya wagonjwa wa namna hiyo ilionekana kama imekatika karibu na ncha yake, na hapo ndipo lilipotoka jina la X tete, ambalo nitalitumia katika jibu hili. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1991. Ndani yake kuna herufi tatu za kikemia, CGG, zinazojirudia. Kwa watu wengi hujirudia chini ya mara 45, mtu mwenye marudio kati ya 55 na 200 huitwa mbebaji, na yakizidi 200 jeni hujifunga kabisa, ikaacha kutengeneza protini yake.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, na nakuomba ulisome pamoja na mumeo. Mtoto wa kiume ana X moja tu, nayo ameipata kwa mama yake. Kwa baba amepata Y. Kwa hiyo ndoa ya mtoto wa ami haikuwa na mkono katika jambo hili. Ungeolewa na mtu wa Pate au wa Tanga asiye na undugu nawe wowote, matokeo yangeweza kuwa haya haya. Yako magonjwa mengine ya kurithi ambayo ndoa za jamaa wa karibu huyaongezea nafasi, kwa sababu huhitaji nakala mbili zenye kasoro, moja ya baba na moja ya mama. X tete si mojawapo. Wala usiitwishe nafsi yako hatia, kwani marudio hayo huongezeka polepole kizazi baada ya kizazi bila mtu kujua, na huenda wewe uliyapokea kwa baba yako, mtu mwenye akili timamu asiyewahi kuonyesha dalili hata moja alipokuwa kijana. Ikiwa baba yako au ndugu zako wa tumboni wana kutetemeka mikono na kupepesuka kulikoanza baada ya umri wa miaka 50, mweleze daktari, kwa sababu wabebaji wengine hupata dalili hizo uzeeni. Dada zako nao wanastahili kuelezwa kwamba kipimo kipo.

Sasa tuje kwenye dawa. Swali la haki ambalo mtu yeyote angeuliza ni hili: dawa ya kuua bakteria inahusiana vipi na mtoto ambaye tatizo lake si bakteria? Jibu ni kwamba watafiti hawakuitaka kwa ajili ya kuua bakteria. Minosaiklini ni ya jamii ya tetrasaiklini, imetumika tangu miaka ya 1970 kwa chunusi sugu na maambukizi mengine, na hata katika baadhi ya tiba za ukoma. Lakini ina sifa mbili zaidi. Huyeyuka kwenye mafuta kuliko ndugu zake, hivyo huvuka kwa urahisi ule ukuta unaozuia dawa nyingi kuingia ubongoni. Na hupunguza kazi ya kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho MMP-9.

Kimeng'enya hicho ndicho kiini cha habari nzima. Protini inayokosekana kwa mwanao, ambayo wataalamu huiita FMRP, kazi yake mojawapo ni kuzuia seli za ubongo zisitengeneze protini nyingine kupita kiasi pale zinapounganika. Inapokosekana, protini nyingi hutengenezwa kwa wingi usiotakiwa, na MMP-9 ni mojawapo. Kimeng'enya hiki hukatakata utando unaozishikilia seli mahali pake. Kikiwa kwa kiasi, husaidia viungo vipya kati ya seli na seli kupata nafasi. Kikizidi, viungo havipati kutulia. Fundi wa nyumba za mawe hapo Lamu anaijua hali hii: chokaa inayokwaruzwa kila siku kabla haijakauka haishiki jiwe, hata kama ni chokaa nzuri na jiwe zuri. Ukitazama kwa hadubini seli za ubongo wenye X tete, vile vichipukizi vidogo ambavyo kwavyo seli moja hupokea ujumbe wa nyingine ni vingi, virefu na vyembamba, kama vya mtoto mchanga, badala ya kuwa vifupi vyenye kichwa kinene.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha matokeo ya kuwapa minosaiklini panya wachanga waliozalishwa bila jeni hiyo. Panya wa namna hii wamekuwepo maabarani tangu 1994, na ndio wanaotangulia karibu kila jaribio la dawa ya X tete. Vichipukizi vya panya waliopata dawa vilikomaa zaidi, MMP-9 ikapungua, na panya wenyewe wakapungukiwa na wasiwasi na kufanya vizuri zaidi katika mtihani wa kutafuta njia. Habari hiyo ndiyo iliyoenea duniani, na kwa wazazi wengi iliishia hapo hapo.

Napenda utafiti ule, na sitaki kuudogosha. Ulikuwa na hoja safi tangu jeni hadi kimeng'enya, na dawa yenyewe ilikuwa tayari inafahamika, bei yake haitishi, na madhara yake yameandikwa kwa miongo kadhaa. Kuijaribu dawa ya zamani kwa kazi mpya ni njia ya heshima katika tiba. Hata hapa Pwani tumeiona, pale ivamektini, inayotumika kwa minyoo na usubi, ilipojaribiwa Kwale ili kuona kama mbu wanaomng'ata mtu aliyeimeza watakufa na malaria ikapungua. Lakini panya wa X tete wamewahi kutudanganya. Iliwahi kutengenezwa dawa iitwayo mavogluranti, iliyowasaidia panya hao vizuri sana, na ilipolinganishwa kwa vijana na watu wazima na kidonge kisicho na dawa, haikuwa na faida iliyoonekana, na kampuni ikaiacha. Ndiyo maana mtaalamu akisikia "imefanya kazi kwa panya" hufurahi kisha akangoja.

Kwa minosaiklini, kungoja kulikuwa kufupi. Mwaka 2010 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya watu 20 wenye X tete, wa umri wa miaka 13 hadi 32, waliomeza dawa hii kwa wiki nane. Hasira na kusumbuka vilipungua kwa mujibu wa dodoso walizojaza walezi. Wawili kati yao damu yao ilionyesha kingamwili ambazo wakati mwingine ni dalili ya mwili kuanza kujishambulia. Utafiti huo ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa, ambao watafiti wenyewe waliujua: kila mtu alijua kwamba anameza dawa, na kila mzazi alijua kwamba mwanawe anaimeza.

Hili naomba tulikalie kidogo. Mzazi ambaye amepata tumaini baada ya miaka ya kuambiwa hakuna dawa humtazama mwanawe kwa jicho jingine. Humsemesha zaidi, humvumilia zaidi, huliona neno jipya ambalo jana lingempita. Mtoto naye huitikia utulivu wa nyumbani. Aidha, watoto hawa wana siku njema na siku ngumu, na familia nyingi hukimbilia dawa mpya wakati wa siku ngumu kuliko zote, kwa hiyo hata pasingefanywa lolote, mwezi unaofuata ungekuwa na nafuu. Hakuna uongo ndani yake. Mzazi anasema kweli anaposema ameona nafuu. Lisilojulikana ni kama nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Ili kulijua hilo hutumika plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu ila ndani hakina dawa. Jaribio la namna hiyo lilifanywa California, katika Taasisi ya MIND ya Chuo Kikuu cha California, Davis, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walisajiliwa watoto na vijana 66, kuanzia umri wa miaka mitatu na nusu hadi 16. Kila mmoja alipangiwa miezi mitatu ya minosaiklini na miezi mitatu ya plasebo, mmoja akianza na hiki na mwingine na kile kwa bahati nasibu, na wala mzazi wala daktari aliyempima hakujua mtoto yuko kwenye kipi. Waliomaliza vipindi vyote viwili walikuwa 48. Daktari alitoa alama kati ya 1 na 7, ambapo 1 ni nafuu kubwa mno, 3 ni nafuu kidogo, 4 ni hakuna mabadiliko, na 7 ni kuharibika vibaya. Wastani wa kipindi cha minosaiklini ulikuwa 2.49. Wa kipindi cha plasebo ulikuwa 2.97.

Zitazame namba hizo mbili, dada yangu, kwa sababu zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba dawa ilishinda, na tofauti hiyo haielekei kuwa ya bahati tu. La pili ni kwamba watoto waliokuwa wakimeza kidonge kitupu nao walipewa alama ya nafuu kidogo! Sehemu kubwa ya nafuu ambayo mzazi angeiona nyumbani na kuisimulia, basi, ingeonekana hata bila dawa, na kilichobaki kuwa cha dawa yenyewe ni chini ya nusu ya alama moja. Watafiti walipochambua zaidi, faida ilionekana kwenye wasiwasi na hali ya moyo. Vipimo vingine vya tabia na vya uwezo wa mtoto wa kila siku havikutofautiana. Hakuna mtoto aliyeanza kusoma kwa sababu ya kapsuli, na miezi mitatu ni muda mfupi kwa hali ya maisha yote. Baadaye watafiti wa Quebec walijaribu kuichanganya na lovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa kuwa huenda dawa mbili zinazogusa sehemu mbili za tatizo zikafanya ambalo moja haiwezi. Njia hiyo bado ni ya utafiti.

Nakuwekea na mfano wa jirani, kwani unafundisha. Minosaiklini ilijaribiwa pia kwa watoto wenye sindromu ya Angelman, hali nyingine ya kijeni inayozuia usemi na kuleta kifafa. Jaribio la kwanza, huko Florida, halikuwa na plasebo, na watoto walionekana kupiga hatua. Watafiti wa Hispania walipoirudia kwa plasebo, faida haikuonekana. Kwa hiyo X tete ina ushahidi ulio bora kuliko Angelman, na ndiyo maana siwezi kusema dawa hii ni bure. Ninachosema ni kwamba ushahidi huo unatosha kumfanya daktari afikirie, na hautoshi kumfanya mzazi anunue.

Turudi kwenye doksi. Aliyemuuzia kaka yako hakukosea kuhusu ukoo: doksisaiklini ni tetrasaiklini vilevile, na hata yenyewe hupunguza vimeng'enya vya jamii ya MMP, kiasi kwamba kipimo chake kidogo kimewahi kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa fizi. Lakini majaribio niliyoyaeleza hayakuitumia. Huingia ubongoni kwa kiasi kidogo kuliko minosaiklini, na hakuna kipimo chake kilichothibitishwa kwa mtoto mwenye X tete. Ungekuwa unamwekea mwanao madhara yote ya ukoo huo bila hata ile faida ndogo iliyopimwa.

Na madhara hayo yanamhusu yeye hasa, kwa umri wake. Tetrasaiklini hushikamana na madini ya meno yanapojengeka ndani ya fizi, na huweza kuyaacha na rangi ya manjano au kijivu isiyosugulika. Ndiyo maana kwa kawaida huepukwa kwa watoto walio chini ya miaka minane. Doksi ya siku chache kwa ugonjwa mzito imeonekana kuwa salama zaidi kwa meno kuliko tulivyodhani zamani, lakini hapa tunazungumzia miezi. Wale watafiti wa California waliwapokea hata watoto wadogo, ila ilikuwa ndani ya utafiti uliosimamiwa, kwa ridhaa ya wazazi.

Linalonitia hofu zaidi ni jingine. Minosaiklini, na ndugu zake pia, huweza kuongeza shinikizo la maji ndani ya fuvu. Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma, anaona vitu viwili viwili, na dawa itasimamishwa kabla macho hayajadhurika. Mwanao hana maneno hayo. Atajipiga kichwa, atajiuma mkono, atakataa kula, na nyumbani mtadhani ni tabia yake ile ile imezidi, mkampa kapsuli nyingine ili atulie. Mtoto asiyeweza kusema panapomuuma hapaswi kupewa dawa ya namna hii mahali ambapo hakuna mtu wa kumchungulia nyuma ya jicho kwa kifaa. Yapo pia kizunguzungu, ngozi kubadilika rangi, ini kuathirika, na vidonda vya koo kapsuli ikikwama kwa mtoto anayekataa maji mengi. Maziwa na dawa za kuongeza damu zenye chuma huizuia isifyonzwe. Na antibiotiki ya miezi hulea bakteria sugu ndani ya mtoto na kwa ndugu zake wanaolala naye, na siku kikija kipindupindu, doksi ile ile ndiyo tunayoihitaji ifanye kazi.

Maoni yangu, basi, ni kwamba kwa sasa asipewe. Zile kapsuli zirudisheni kwenye duka la dawa, msiziweke kabatini, kwani tetrasaiklini zilizopita muda zimewahi kudhuru figo. Akishapita miaka minane, kama wasiwasi wake bado unamzuia kusoma na njia nyingine zimeshajaribiwa, daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto anaweza kufikiria minosaiklini yenyewe, akijua kwamba anaitumia nje ya kazi iliyosajiliwa. Kabla ya kuanza, damu ipimwe na macho na meno yatazamwe. Mchague pamoja mambo mawili au matatu yanayoweza kuhesabika, kwa mfano amejiuma mara ngapi kwa siku, au amekaa dakika ngapi chuoni, yaani madrasani, bila kutoka mbio, mkayaandika kwa wiki nne kabla ya dawa. Mwalimu wake wa chuoni aandike pia, na asiambiwe ni siku gani dawa imeanza, ili awepo angalau mtu mmoja ambaye tumaini halijamwingia machoni. Mwisho wa miezi mitatu daftari lisomwe, na kama hakuna tofauti, dawa iachwe bila huruma.

Ikiwa siku moja utaalikwa kwenye utafiti, usikimbie kwa sababu ya neno plasebo. Wazazi wa Kilifi wamewahi kukubali watoto wao wachanjwe katika majaribio ya chanjo ya malaria ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakisomewa karatasi ya ridhaa kwa lugha yao na kuelezwa kwamba wanaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba. Dai hayo hayo: kibali cha kamati ya maadili, mtu wa kumpigia simu usiku, na maelezo ya nani atagharamia mtoto akidhurika. Anayekuuzia dawa na kuiita utafiti si mtafiti.

Yapo ambayo yanaweza kuanza mwezi huu. Mpelekeni kwenye kituo cha EARC cha kaunti apimwe mahitaji yake ya masomo, na muulizie mtaalamu wa usemi katika hospitali ya King Fahd, au akikosekana hapo, Mombasa. Kwa ile adhana, dakika chache kabla ya wakati mwonyesheni kwa ishara moja isiyobadilika kwamba sauti inakuja, na mpeni nafasi ya kuingia chumba cha ndani, maana kinachomtesa zaidi ni kushtukizwa. Zaidi ya yote apimwe masikio. Wavulana wenye X tete hupata mara kwa mara maambukizi ya sikio la kati, na usaha au maji yaliyotuama nyuma ya kiwambo humpunguzia mtoto usikivu wakati ule ule anaotakiwa kujifunza maneno. Akikutwa na maambukizi hayo, daktari huenda akampa antibiotiki ya siku chache, kama amoksilini, kwa kipimo cha uzito wake. Hiyo mpe mpaka imalizike, kisha mrudishe apimwe usikivu tena.